Mafigo ya Wazee: Jinsi ya Kuyatunza Yasichoke Upesi

Tumfikiri mzee mmoja, mkulima wa upande huu wa Irumu. Ana miaka 72. Mgongo na magoti yamwuma tangu miaka mingi kwa sababu ya kazi ya jembe. Kila siku ya soko anunua vidonge vya diklofenaki kwa mtu anayeuza dawa juu ya meza, naye ameza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Maumivu yapungua, naye afurahi, kwa kuwa aweza kulima tena.

Kisha tumbo lamshika. Aharisha siku tatu. Hali vizuri wala hanywi vizuri. Lakini kidonge cha mgongo hakiachi, wala kidonge cha presha alichopewa hospitali hakiachi. Siku ya tano kichwa chamzunguka, mdomo umekauka, chakula chamchukiza, na mkojo umekuwa kidogo sana, tena mweusi kama chai. Wanawe wampandisha kwenye pikipiki na kumleta Nyankunde.

"Baba, unatumia dawa gani?" mganga amwuliza.

"Ile ya presha tu mliyonipa, mwanangu."

"Hakuna nyingine?"

Mzee anyamaza kidogo. "Na ile ya mgongo. Lakini ile si dawa ya ugonjwa. Ni ya kunipa nguvu ya kulima tu."

Damu yake yapimwa. Mafigo yake yamesimama karibu kabisa.

Mzee huyu si mjinga, wala si mtu asiyejali maisha yake. Amefanya yale ambayo wengi wetu twafanya. Jambo asilolijua ni hili: mafigo ya mtu wa miaka 72 si sawa na mafigo aliyokuwa nayo akiwa kijana. Mzigo uliokuwa mwepesi zamani sasa ni mzito. Tena mafigo hayalii kama jino. Huchoka kimya kimya, na mwenyewe hajui.

Kituo chetu cha utabibu hapa Nyankunde kilianza katika miaka ya 1960. Wale waliokuwa vijana siku zile, leo ni babu na bibi. Ni jambo la kushukuru kuona watu wakifika miaka 70 na 80. Lakini kufika uzee ni jambo moja, na kukaa katika uzee tukiwa na afya ni jambo lingine. Kwa hiyo yafaa kila mtu, mzee na kijana, ajue habari za mafigo yake.

MAFIGO NI NINI, NA YANAFANYA KAZI GANI?

Kila mtu ana mafigo mawili. Yako nyuma, chini ya mbavu za mwisho, moja upande huu wa uti wa mgongo na moja upande ule. Kila figo ni kubwa kama ngumi ya mwenyewe, na umbo lake ni kama punje ya maharagi. Mama anayechinja mbuzi amekwisha kuyaona, kwa maana mafigo ya mbuzi yafanana na yetu.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kama milioni moja. Huwezi kuviona kwa macho matupu. Damu yapita katika vichujio hivi mchana na usiku. Kila siku mafigo huchuja maji ya damu lita 180. Hayo ni bidoni 9 za lita 20! Mwanamke yupi aweza kuchota bidoni 9 kila siku bila kupumzika hata Jumapili? Lakini mafigo hufanya hivyo. Karibu maji yote hurudishwa katika damu, na takataka tu pamoja na maji kidogo, lita moja na nusu hivi, hutoka kama mkojo.

Kazi yao si hiyo tu. Mafigo hupima chumvi ya mwili. Husaidia kuongoza presha ya damu, ambayo wengi wetu huita tansio. Huagiza mwili kutengeneza damu mpya. Ndiyo sababu mtu mwenye mafigo mabovu hupungukiwa damu. Husaidia mifupa iwe na nguvu. Nayo hutoa mwilini dawa nyingi ambazo tumezimeza. Mafigo yakishindwa, dawa yakaa ndani na kuzidi, hata dawa njema ikawa sumu.

UZEE UNAFANYA NINI KWA MAFIGO?

Nywele huwa nyeupe, macho hupungua nguvu, na mafigo pia huzeeka. Tangu miaka 40 hivi, vichujio vyaanza kufungwa kimoja kimoja. Kikifungwa hakifunguki tena, wala kipya hakizaliwi. Figo lenyewe hupungua ukubwa, na mishipa midogo ya damu ndani yake huwa migumu.

Tuseme nguvu ya mafigo ya mtu mzima mwenye afya ni 100. Tangu miaka 40 hivi, watu wengi hupoteza kama 1 kila mwaka. Fanya hesabu. Mtu huyu akifika miaka 70, nguvu yake ni 70. Akifika miaka 80, ni 60. Je, ataugua? Hapana. Kwa 60 mtu aweza kula, kutembea, kulima shamba dogo na kucheza na wajukuu. Tumepewa mafigo yenye akiba kubwa. Hata mtu aliyempa ndugu yake figo moja aweza kuishi vema na lile lililobaki.

Lakini mfikiri mtu mwingine. Yeye naye alikuwa na 100 katika miaka 40. Ila ana presha ya juu asiyoitunza, au ugonjwa wa sukari asioutunza, na mafigo yake yamekwisha kuanza kuharibika. Mtu wa namna hii aweza kupoteza 5 kila mwaka, au zaidi. Kabla hajafika miaka 60 atakuwa amebaki na 15 tu. Hapo mafigo yakaribia kushindwa kabisa kusafisha damu, na yakishindwa mtu hawezi kuishi bila mashine ya kusafisha damu au kupewa figo la mtu mwingine. Mashine ni ghali sana, nayo iko mbali na wengi wetu.

Waona tofauti? Uzee huchukua kidogo. Mwizi ndiye achukuaye nyingi. Uzee hatuwezi kuuzuia, lakini mwizi twaweza kumfungia mlango.

Tena, hata kile kidogo cha uzee hakiwi sawa kwa watu wote. Katika mji wa Baltimore, Marekani, wachunguzi walipima mafigo ya wanaume 254 wasiokuwa na ugonjwa wa mafigo, tena na tena kwa miaka mingi. Mwaka 1985 walitangaza waliyoyaona. Wengi wao mafigo yao yalipungua polepole. Lakini karibu theluthi moja hawakupungua hata kidogo katika miaka ile yote. Na wale wenye presha ya juu zaidi walipungua upesi kuliko wengine. Basi mtu asiseme, "Mafigo yangu ni mabovu kwa sababu mimi ni mzee, hakuna la kufanya." La kufanya liko.

JE, UGONJWA HUU UKO KWETU?

Uko. Mwaka 2009 waganga wa Kinshasa waliandika habari za watu wazima wa mji wao waliopimwa. Katika kila watu 100, kama 12 walikuwa na ugonjwa wa mafigo wa kudumu, na wengi wao hawakujua. Hawa hawakuwa wagonjwa waliolala hospitali. Walikuwa watu wa kawaida, wenye kwenda sokoni na kazini.

WEZI WANAOIBA NGUVU YA MAFIGO

Mwizi wa kwanza ni presha ya juu. Damu ikipita kwa nguvu nyingi mno, huharibu vichujio, kama maji ya mvua yaendayo kasi yachimbavyo shimo katika njia. Presha ya 140 kwa 90, au zaidi, ikipimwa hivyo mara nyingine tena, ni ya juu. Watu wengi hawasikii lolote. Usingoje kichwa kiume. Tena usiache dawa ya presha kwa kuwa "nimepona". Presha haiponi kama malaria. Hutunzwa kila siku, kama moto wa jikoni utunzwavyo usiunguze nyumba.

Mwizi wa pili ni ugonjwa wa sukari. Sukari nyingi katika damu huharibu mishipa midogo ya macho, ya miguu na ya mafigo. Mtu akikojoa sana, akiona kiu sana, na kukonda ingawa anakula, aje apimwe. Lakini wengine hawana dalili yo yote, hasa wanene na wazee.

Mwizi wa tatu ni dawa za maumivu. Huyu ndiye aliyemshika mzee wetu. Diklofenaki, ibuprofeni na indometasini hupunguza damu iingiayo katika mafigo. Kijana mwenye afya akizitumia siku chache, mara nyingi haoni neno. Lakini mzee azitumiaye kila siku ajiumiza. Hatari huzidi sana akizitumia pamoja na dawa za presha kama kaptopirili au dawa za kukojosha, na huzidi tena akiharisha au akitapika. Mambo hayo matatu yakikutana, mafigo yaweza kusimama kwa siku chache tu. Mgongo ukikuuma, parasetamoli kwa kipimo kilichowekwa haina hatari hiyo kwa mafigo. Maji ya moto katika kitambaa, na kupumzisha jembe, nayo yasaidia.

Sindano nyingine pia zahitaji uangalifu. Gentamisini ni dawa njema ya kuua vijidudu, lakini yaweza kuumiza mafigo na masikio, hasa ya wazee. Ndiyo maana haifai kununua sindano na kumwomba jirani akudunge. Mganga hupima kwanza mafigo yako na uzito wako, ndipo ajue kipimo.

Mwizi wa nne ni dawa za mizizi na majani ambazo hazijulikani kipimo chake. Hatusemi kila jani ni baya. Dawa nyingi za hospitali zilitoka katika miti. Lakini mizizi mingine ina sumu inayoua vichujio vya mafigo, iwe imenywewa, iwe imetiwa kwa mpira kwa njia ya nyuma. Ukiwa umetumia dawa ya namna hiyo, usifiche. Mganga hakuulizi ili akuaibishe. Akuuliza ili ajue namna ya kukuponya.

Mwizi wa tano ni zebaki. Watu wengi katika Ituri, kama huko Mongbwalu, hutafuta dhahabu, na wengine hutumia zebaki kuishika. Wakiichoma, moshi wake huingia kifuani, kisha katika damu, kisha katika mafigo. Usichome zebaki ndani ya nyumba, wala karibu na watoto, wala katika sufuria ya chakula. Zebaki imepatikana pia katika mafuta ya kufanya ngozi iwe nyeupe. Mwaka 1972 waganga wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa sababu ya mafigo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka mafuta yenye zebaki. Mama, ngozi yako ni njema kama ilivyo. Usinunue ugonjwa katika chupa.

Mwizi wa sita ni mkojo uliozuiliwa. Wanaume wengi wakizeeka, tezi iliyo chini ya kibofu hukua na kubana njia ya mkojo. Mkojo hutoka polepole, kwa kukatika-katika, na mzee huamka mara nyingi usiku. Wazee wengi huona haya kusema jambo hili, hata kwa wake zao. Lakini mkojo usipotoka hurudi nyuma na kuyasukuma mafigo mpaka yaharibike. Ugonjwa huu waweza kutibiwa. Baba, njoo useme. Mganga amekwisha kusikia habari hii mara nyingi, wala hatakucheka.

Ni kweli kwamba kuamka usiku mara moja au mbili si ugonjwa kila mara. Mafigo ya mzee hayawezi kukaza mkojo kama zamani, kwa hiyo hufanya mkojo mwingi hata usiku. Lakini mkojo ukitoka kwa shida, hilo ni jambo la hospitali.

Mwizi wa saba ni tumbako. Moshi wa sigara hukaza mishipa ya damu ya moyo na ya mafigo pia.

MTU ATAJUAJE HALI YA MAFIGO YAKE?

Wengi husema, "Nakojoa vizuri, kwa hiyo mafigo yangu ni mazima." Hiyo si kweli. Mtu aweza kukojoa mkojo mwingi na mafigo yake yamekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Maji yatoka, lakini takataka zabaki. Wengine husema, "Mgongo wauma, basi ni mafigo." Hiyo nayo, mara nyingi, si kweli. Mgongo wa mkulima huuma kwa sababu ya mifupa na misuli. Yasikitisha kuona mtu mwenye mafigo mazima akimeza dawa za mgongo mpaka yawe mabovu.

Njia ya kujua ni kupima. Kuna vipimo vitatu.

Cha kwanza ni presha. Hakina maumivu, nacho chachukua dakika chache.

Cha pili ni mkojo. Figo zima halipitishi utomvu wa damu, ule ulio kama ute mweupe wa yai. Figo lililoharibika hupitisha. Mwaka 1827 mganga Mwingereza jina lake Richard Bright, wa hospitali ya Guy's huko London, aliandika habari za wagonjwa waliovimba mwili. Mkojo wao ulipopashwa moto katika kijiko juu ya mshumaa, ulifanya utando mweupe kama yai lililopikwa. Na walipokufa, mafigo yao yalionekana kuwa yameharibika. Ndivyo watu walivyojua kwamba mkojo waweza kutoa habari za mafigo. Siku hizi twatumia kikaratasi kinachobadilika rangi, lakini maana yake ni ile ile.

Cha tatu ni damu. Katika damu mna takataka iitwayo kreatinini, itokayo katika misuli. Mafigo yakichoka, kreatinini hupanda. Lakini hapa pana mtego kwa wazee. Mzee ana misuli kidogo, kwa hiyo hutoa kreatinini kidogo. Kipimo chake chaweza kuonekana chema, kumbe mafigo ni dhaifu. Mwaka 1976 waganga wawili wa Kanada, Cockcroft na Gault, walitoa hesabu inayotia ndani umri na uzito wa mtu. Tazama mfano huu. Mwanamume wa miaka 30 mwenye kilo 60, na mzee wa miaka 75 mwenye kilo 50, wote wawili wana kreatinini ya 1. Kwa hesabu ile, nguvu ya mafigo ya kijana ni kama 92, na ya mzee ni kama 45. Namba ya damu ni moja, lakini mzee ana nusu tu. Ndiyo maana tunakuuliza miaka yako na kukupandisha juu ya mizani kabla ya kukupa dawa. Ukiwa hujui mwaka uliozaliwa, sema jambo kubwa lililotukia siku zile, nasi tutakisia.

Mtu mwenye presha au sukari apimwe mkojo na damu kila mwaka. Mwingine aliyepita miaka 60, au ambaye katika ukoo wake mna ugonjwa wa mafigo, naye aombe kupimwa. Mama aliyekuwa na presha ya juu wakati wa mimba asisahau jambo hilo mimba ikiisha. Apimwe presha kila mwaka maisha yake yote.

NAMNA YA KUYATUNZA MAFIGO

Punguza chumvi. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kijiko kidogo kimoja, kisichojaa, kwa chakula chote cha siku nzima. Kumbuka kwamba chumvi imejificha. Iko katika makayabu, katika samaki wa chumvi watokao ziwa Albert, na katika vipande vya Maggi. Samaki wa chumvi loweka usiku, mwaga maji, loweka tena, mwaga tena, ndipo upike bila kuongeza chumvi nyingine. Sombe yaweza kupata ladha kwa kitunguu, pilipili na ndimu. Wiki mbili za kwanza chakula kitaonekana hakina ladha. Kisha ulimi huzoea.

Kunywa maji ya kutosha. Mzee hasikii kiu kama kijana, hata mwili ukiwa mkavu. Basi anywe maji safi hata bila kungoja kiu, hasa wakati wa jua na kazi. Lakini maji mengi kupita kiasi hayasafishi mafigo. Na mtu mwenye moyo dhaifu au miguu iliyovimba aulize mganga kwanza.

Ukiharisha au kutapika, anza maji ya sukari na chumvi siku ile ile. Chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kunywa kidogo kidogo, mara kwa mara. Kama unatumia dawa za presha au za sukari, nenda upesi kituo cha afya uulize kama dawa nyingine zisimame mpaka tumbo lipone.

Katika siku za kufunga, fikiri juu ya mwili wako. Kijana mwenye afya aweza kukaa mchana mmoja bila chakula. Lakini mzee mwenye presha, au mwenye sukari, au mwenye mafigo dhaifu, akikaa siku tatu bila chakula wala maji ajitia katika hatari kubwa. Amwambie mchungaji wake na mganga wake kabla ya kuanza. Aweza kuomba pamoja na wenzake na bado akanywa maji na dawa zake. Wala wenzake wasimhukumu.

Kula vizuri. Maharagi, mboga, matunda, bugali, samaki wabichi na mayai ni chakula chema. Wengine wakisikia neno "mafigo" huacha nyama na maharagi yote, kisha hukonda na kupoteza nguvu. Usifanye hivyo kwa shauri lako mwenyewe. Ni wale tu ambao mafigo yao ni dhaifu sana huambiwa wapunguze vyakula fulani, hata ndizi, na mganga ndiye atakayewapimia.

Tembea kila siku. Usinenepe kupita kiasi. Acha tumbako.

Tumia dawa zilizoagizwa. Kwa watu wenye utomvu katika mkojo, dawa kama kaptopirili na enalapirili hushusha presha na tena hulinda vichujio. Tangu mwaka 2020 imeonekana pia kwamba dawa iitwayo dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya sukari, hupunguza mwendo wa ugonjwa wa mafigo hata kwa watu wengine wasio na sukari. Dawa hizi zataka mganga na vipimo. Zile ulizopewa na jirani si zako, hata kama ugonjwa waonekana ni mmoja.

DALILI ZA KUKIMBIA HOSPITALI

Usingoje ukiona haya:
1. Mkojo umekuwa kidogo sana au umesimama.
2. Mkojo una damu, au una povu jingi lisilokwisha.
3. Uso umevimba asubuhi, au miguu imevimba.
4. Kichefuchefu, kuwashwa mwili, na uchovu usioisha.
5. Pumzi fupi ukilala chali.
6. Mzee amebadilika akili, au analala ovyo, baada ya kuharisha au kuanza dawa mpya.

NENO KWA WATOTO NA WAJUKUU

Mara nyingi mzee hawezi kusoma maandiko madogo ya kidonge, lakini mjukuu aweza. Ninyi mnaosoma shule, ingieni katika nyumba ya babu na bibi. Ombeni wawaonyeshe dawa zote, na zile zilizo chini ya mto pia. Zitieni katika mfuko mmoja, mje nazo hospitali. Mganga atatenga zile za kuendelea na zile za kuacha. Kazi hii ndogo yaweza kuokoa mafigo ya mzee wenu.

Tena msimwache mzee alime peke yake mpaka alazimike kumeza vidonge ili aweze kusimama. Mkimsaidia shamba, mmemsaidia mafigo.

MWISHO WA HABARI YA MZEE WETU

Mzee tuliyemwacha kitandani alitiwa maji katika mshipa. Diklofenaki ilikomeshwa, na dawa ya presha ilisimamishwa kwa muda. Siku nne watu wake walipima kila tone la mkojo katika chupa, wakiogopa. Siku ya tano mkojo ulianza kuongezeka. Baada ya wiki mbili aliweza kurudi nyumbani.

"Sasa nimepona kabisa, mwanangu?" alimwuliza mganga.

"Umepona, Baba, lakini mafigo yako hayakurudi yote. Yale yaliyobaki yatakutosha, ukiyahurumia."

Sasa mgongo wake ungali unauma. Ameza parasetamoli siku ambazo maumivu yazidi. Wanawe wamegawana shamba lake, naye amebaki na kipande cha mboga karibu na nyumba. Kila miezi mitatu aja na fimbo yake, akipimwa presha na mkojo. Na kabla ya kumeza kidonge cho chote kipya, huuliza kwanza, "Hiki mafigo yangu yatakipenda?"

Swali lile lafaa kwa kila mtu. Jifunze kuliuliza wewe pia.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA
1. Mafigo huchuja lita ngapi kila siku?
2. Uzee huchukua nguvu kiasi gani, na wezi huchukua kiasi gani?
3. Kwa nini haifai mzee kumeza diklofenaki kila siku?
4. Je, mtu anayekojoa vizuri aweza kuwa na ugonjwa wa mafigo?
5. Vipimo vitatu vya mafigo ni vipi?
6. Katika nyumba yako, ni nani anayepaswa kupimwa mwezi huu?